Namna ya kuonyesha neva inavyotafuta njia, kwa glavu, kishonanguo na mrenda

Mpwa wangu alikuja Jumamosi moja, akaweka daftari lake la embriolojia kando ya sinia la omena nililokuwa nikichambua, akasema, "Waya, huu mtihani nitaanguka." Waya ndiye shangazi wa upande wa baba huku kwetu. Yeye anasomea uafisa wa kliniki hapa Kisumu. Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya upili. Kwa miaka 26 kazi yangu imekuwa kupima kemikali, kuosha vyombo na kutafuta vyura wa kupasuliwa, si kufundisha. Lakini ukikaa nyuma ya darasa miaka 26, unajua ni wapi watoto hupotelea.

Nikamwambia anieleze anachokijua. Akataja NCAM, L1, kadherini, integrini, laminini, yote majina ya protini za kushikana, mfululizo mmoja bila kupumua, kama konda anayeita vituo vya barabara ya Kakamega: Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali. Nikamuuliza, haya, na anayesafiri ni nani? Akanyamaza. Majina yote alikuwa nayo, msafiri hana.

Tulichokifanya mchana ule mezani pangu Mamboleo ndicho ninachokieleza hapa. Tangu siku hiyo nimekirudia na wenzake wa chuoni na kikundi cha sayansi cha shule yetu, na kila mara nimebadilisha kitu kidogo. Kinachukua saa mbili. Darubini haihitajiki.

Mwanzo, mjue msafiri

Kabla hujagusa kitu chochote, waambie hivi. Seli ya neva ikiwa changa haina uzi. Huota uzi mmoja mrefu, aksoni, na uzi huo lazima ufike mahali pake hasa: kutoka mgongoni hadi msuli fulani wa mguu, au kutoka nyuma ya jicho hadi ndani ya ubongo. Kwenye ncha ya uzi kuna kichwa bapa chenye vidole vyembamba sana viitwavyo filopodia, na vidole hivyo hutoka, hugusa, hurudi, hutoka tena. Kidole kikipata cha kushika, kamba za protini iitwayo aktini zilizo ndani yake huvuta, na kichwa husogea upande ule. Kikikosa, hurudi.

Santiago Ramón y Cajal alikiona kichwa hicho mwaka 1890 kwenye viinitete vya kuku, na ajabu ni kwamba alikuwa akitazama vipande vilivyokufa na kutiwa rangi. Mwendo aliukisia tu. Mwaka 1907 Ross Harrison, Mmarekani, alichukua kipande cha kiinitete cha chura, akakitundika ndani ya tone la limfu chini ya kioo, akauona uzi ukirefuka. Mwendo wenyewe ni wa kobe. Mikromita 20 hadi 50 kwa saa ni kawaida, kwa hiyo milimita moja kwa siku ni safari njema. Uzi hufika kwa sababu unaanza safari kiinitete kikiwa bado kidogo.

Hapa ndipo ninapogombana na walimu wangu. Wao hupenda kusema kwamba neva "inafuata ramani iliyoandikwa kwenye jeni." Mtoto akisikia ramani, anafikiri uzi unajua unakokwenda. Haujui. Stima ikipotea usiku na simu haina chaji, wewe hutembeaje nyumbani mwako? Unapapasa ukuta, unafika kwenye fremu ya mlango, unagusa kiti, unageuka. Mkono hauna ramani ya nyumba. Una ukuta, kisha una mlango. Jeni zimejenga ukuta na zimeupa mkono ngozi ya kuhisi, basi.

Vitu vya kutafuta

Meza ndefu, kama mita mbili. Ifunike kwa kitambaa cha plastiki cha mezani, kile kinachoteleza. Tafuta blanketi kuukuu lenye manyoya, ulikate utepe wa upana wa kiganja. Glavu za sufu mbili au tatu: mimi huzipata kwenye mitumba ya Kibuye siku ya Jumapili, na muuzaji huniuliza kama nahamia Ulaya. Mabonge mawili ya uzi wa sweta wa rangi tofauti. Leso ya kufunga macho. Kitambaa kilicholoweshwa kwenye maji ya barafu.

Halafu kishonanguo. Hakuna atakayekosa: ni yale magugu ya shambani yenye mbegu nyeusi nyembamba zinazong'ang'ania suruali ukipita. Chuma zilizokauka, zikiwa nyeusi kabisa, kwa sababu zile za kijani hazishiki. Angalia ncha yake kwa kioo cha kukuzia, utaona vijiti viwili au vitatu vyenye miba iliyoelekea nyuma. Mmea umetengeneza kitu kisicho na gundi hata kidogo ambacho kinashika nguo na kuacha plastiki. Mshiko wenye kuchagua. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya somo.

Na mrenda, konzi moja. Nitakuja kwake.

Mkono mezani

Laza utepe wa blanketi juu ya plastiki, lakini usiunyooshe. Uanzie kona moja, upinde katikati, kisha ugawanyike mara mbili kama njia panda. Chomeka mbegu za kishonanguo kwenye ncha za vidole vya glavu, sita au saba kila kidole, miba ikitazama nje. Mfunge mwanafunzi macho, mvishe glavu, mfunge uzi wa sweta kwenye kifundo cha mkono. Bonge la uzi alishike mwenzake aliyesimama pembeni, na aachilie uzi pale tu unapovutwa. Huyo aliyesimama ndiye mwili wa seli. Mkono ndio kichwa cha uzi.

Sheria ni mbili, na zirudie hadi wachoke kukusikia. Kidole kisichoshikwa kirudi ndani ya ngumi. Kidole kilichoshikwa kivute kiganja. Hakuna kufikiri.

Mpwa wangu alikuwa wa kwanza. Alitandaza vidole vitano. Kidole gumba na cha shahada vikaanguka kwenye plastiki, vikateleza, akavirudisha. Cha kati kikagusa pindo la blanketi, mbegu zikanasa, nikaona kiganja kizima kikiburutwa kwenda upande ule kama mtu aliyeitwa. Akatandaza tena. Safari hii vitatu vikanasa. Kwenye kona alitoka kidogo nje ya utepe, vidole viwili vikakosa, vingine viwili vikashika, mkono ukapinda wenyewe. Ilimchukua dakika 11 kumaliza mita mbili. Alipofunguliwa macho akaona uzi mwekundu umelala nyuma yake umepinda pale pale utepe ulipopinda. Akasema, "Kumbe mimi sikukata kona."

Sasa ndipo umpe majina, kwa sababu ana pa kuyaweka. Blanketi ni laminini, protini inayotandazwa nje ya seli kama mkeka. Mbegu kwenye glavu ni integrini, protini iliyochomoza kwenye ngozi ya kichwa cha uzi. Hivi ni vitu viwili tofauti vinavyoshikana, kimoja cha msafiri, kingine cha barabara.

Katika jambo moja mfano huu unadanganya, na uwaambie. Mezani uzi wote unavutwa kutoka kwenye bonge. Katika neva halisi, mwili wa seli hutengeneza vifaa na kuvisafirisha, lakini ujenzi mwingi hufanyika kule mbele, kwenye ncha.

Gundi ilivyoniaibisha

Mara ya pili, nilipowaita wenzake, nilitaka kuboresha. Nikaona mbegu zinaanguka ovyo, nikapaka utepe gundi ya fundi viatu. Kijana wa kwanza aliweka mkono, akashikwa, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Glavu ilibaki kwenye blanketi, mkono ukatoka mtupu. Wakacheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nilikasirika, kisha nikaona kwamba gundi ile imefundisha kuliko mimi. Mshiko ukiwa dhaifu mno, vidole huteleza. Ukiwa mkali mno, kichwa hakitoki mahali kilipo. Anayetembea lazima ashike mbele huku akiachilia nyuma, kama mtu anayepanda mwembe. Kwa hiyo usinunue gundi, lakini tenga kipande kidogo chenye gundi mwishoni mwa meza uwaonyeshe kwa makusudi.

Na usiwaache waamini kwamba neva huenda tu pale penye mshiko mkubwa zaidi. Watafiti walipima jambo hilo maabarani, wakakuta nguvu ya kunata peke yake haitabiri uzi utakimbia wapi. Molekuli hizi zikishikana hupeleka habari ndani ya seli pia: kalsiamu huingia, vimeng'enya huamka, aktini hujengwa upande huo. Mezani kwetu habari hiyo ni ile hisia ya kidole kuvutwa, inayofika kwa mwanafunzi kabla mkono haujasogea.

Wa pili hufuata wa kwanza

Acha uzi wa kwanza mezani. Wanafunzi wauchomeke mbegu za kishonanguo hapa na pale, kila upana wa vidole vitatu. Mvishe wa pili glavu yenye mbegu vile vile, uzi wake uwe wa rangi nyingine. Sasa glavu ina manyoya na miba, na uzi wa kwanza una manyoya na miba. Kila upande unamshika mwenzake kwa namna ile ile, kama watu wawili walioshikana vifundo vya mikono.

Mshiko wa aina hii ndio wa NCAM na L1. NCAM iliyo kwenye seli moja hushika NCAM iliyo kwenye seli nyingine, na L1 hivyo hivyo. Kundi la Gerald Edelman kule New York lilikamata NCAM katika miaka ya 1970. Walitumia kingamwili zilizozuia seli za retina ya kifaranga zisishikamane, kisha wakatafuta kingamwili hizo zimekamata protini gani. Kadherini nazo hushikana mfano na mfano wake, ila hizo zinataka kalsiamu, ukiiondoa, zinaachana. Masatoshi Takeichi wa Japani ndiye aliyetenganisha mambo hayo mawili mwaka 1977. Kalsiamu sina namna ya kuionyesha mezani, kwa hiyo huitaja tu na kusonga mbele.

Mwanafunzi wa pili humaliza haraka. Kwetu ilikuwa dakika 4, kwa sababu ana uzi wa kushika pamoja na blanketi. Ndivyo neva zinavyokuwa mafungu: wachache hutangulia na kusafisha njia, wengi hufuata migongo yao. Waliotangulia wamechunguzwa sana kwenye viinitete vya panzi, ambako unaweza kuwahesabu mmoja mmoja.

Mrenda

Tatizo ni kwamba fungu likishikana sana, hakuna atakayeshuka. Nyuzi zote zitafuata ya kwanza hadi kwenye msuli mmoja, na misuli mingine ibaki bila neva. Kuna haja ya kulegeza mshiko mahali maalumu na kwa muda maalumu.

Chemsha konzi ya majani ya mrenda kwenye nusu kikombe cha maji kwa dakika tano, pamoja na magadi kidogo kama unavyopika, kisha uchuje. Ule ute ndio unaoutaka. Upake kwenye uzi wa kwanza, pale njia panda tu, urefu wa shubiri moja. Mwingize mwanafunzi wa tatu, macho yamefungwa. Atafuata uzi vizuri hadi njia panda, kisha vidole vitateleza, ataanza kupapasa pembeni, na kwa bahati atakamata tawi la pili la blanketi ambalo hakuna aliyelipita. Hakikisha tawi hilo liko karibu. Mara moja nililiweka mbali, kijana akapapasa plastiki dakika 10 hadi akafungua macho mwenyewe.

Mrenda nimeuchagua kwa sababu ya kemia yake. Ute wake ni minyororo mirefu ya sukari inayokamata maji na kuvimba. NCAM ya kiinitete hubeba kitu cha jamaa hiyo hiyo: mnyororo mrefu wa asidi ya sialiki, nayo ni sukari, unaovuta maji na kusukuma seli mbili zisikaribiane mno. Mtu mzima huwa nao kidogo tu, kiinitete huwa nao kwa wingi. Mwenye kumwelewa mrenda anayeshuka kijiko kwa mvutano hatahitaji mchoro.

Katika kifaranga jambo hili hutokea kwenye shina la mguu. Nyuzi zinazokwenda kwenye misuli ya mguu hutoka mgongoni zikiwa mafungu, zikifika pale husimama karibu siku nzima. Waambie wafikirie stendi ya matatu: watu waliokuja na gari moja wanashuka, wanatafutana, kila mmoja anapanda la kwao. Sukari ile huongezeka kwenye nyuzi wakati huo huo zinapojipanga upya. Mwaka 1992 Lynn Landmesser, Urs Rutishauser na mwenzao walidunga ndani ya yai kimeng'enya kinachoikata sukari hiyo, na nyuzi nyingi zikapanda gari la wengine. Na miaka 12 kabla ya hapo, Landmesser na Cynthia Lance-Jones walikuwa wamekata kipande kifupi cha ugwe mchanga wa mgongo na kukigeuza mbele nyuma kabla nyuzi hazijaota. Nyuzi zilitokea mahali pasipo pake, lakini nyingi zikapinda na kufika kwenye misuli yake halali. Mpwa wangu alinifanya nimsimulie jaribio hilo mara mbili.

Kitambaa cha baridi, na kuvuka katikati

Weka kile kitambaa cha maji ya barafu mahali ambapo hutaki mkono uende. Sheria ya tatu: ukigusa baridi, kunja vidole vyote mara moja, tulia, kisha anza upya. Kichwa cha uzi hufanya hivyo hivyo kikigusa semaforini, protini ya kufukuza, hukunjamana chote. Niliwahi kufikiria kutumia upupu. Mpwa wangu akaniangalia tu.

Kuvuka ni sehemu inayowachanganya wengi. Baadhi ya nyuzi za mgongo huanzia upande wa kushoto na lazima zivuke mstari wa katikati hadi kulia, mara moja tu, zisirudi. Mimi hulaza utepe mnene wa blanketi kukata meza katikati, na juu yake, kwenye ukingo wa upande wa pili, naweka kitambaa cha baridi kilichofunikwa kwa plastiki. Mkono ukija, unapanda blanketi kwa raha. Ukishavuka, navuta plastiki, na baridi inabaki nyuma yake. Akijaribu kurudi anakunja vidole.

Katika mwili, kinachofunuliwa kiko kwenye uzi wenyewe: kipokezi kiitwacho Robo, kilichokuwa kimenyamazishwa, huamka baada ya kuvuka na kuanza kuhisi Slit, protini ya kufukuza inayotolewa katikati. Mshiko nao hubadilika. Kwa panya, uzi huvaa molekuli iitwayo TAG-1 kabla ya kuvuka na L1 baada ya kuvuka, kwa hiyo mvue mwanafunzi glavu moja na umvishe ya rangi nyingine katikati ya safari. Kwa kifaranga, Esther Stoeckli na Landmesser walionyesha mwaka 1995 kwamba ukizuia mshiko kati ya molekuli mbili, aksonini-1 ya uzi na NrCAM ya seli za katikati, nyuzi nyingi hugeukia upande ule ule zilikotoka.

Atatokea mjuaji aulize kuhusu netrini, ile inayovuta kutoka mbali. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiieleza kama harufu ya samaki wa kukaanga: kadiri unavyokaribia, ndivyo inavyozidi. Mwaka 2017 makundi mawili yaliondoa netrini kwenye mstari wa katikati pekee ndani ya viinitete vya panya, na nyuzi nyingi zikafika hata hivyo, kwa sababu netrini iliyolazwa kando ya njia na seli nyingine ilitosha kushikwa njiani. Ya katikati ina mchango wake bado, na watafiti wanaendelea kubishana ni kiasi gani. Nakiri niliifurahia habari hiyo. Ukuta na mkono.

Mayai, kama unayo

Mayai si lazima, na nikianza na mayai wanafunzi huacha kusikiliza. Lakini yai linawapa saa ya kweli. Tumia mayai ya kienyeji kutoka boma lenye jogoo. Mwalimu mmoja alininunulia trei nzima ya mayai ya kuku wa gredi, tukayapasha joto siku nne, tukamulika mayai 30 yasiyo na kitu.

Kisumu ina tabu yake. Kiinitete huanza kukua polepole joto likizidi nyuzi 21 hivi, na jikoni kwangu mchana ni 30. Yai lililokaa huko siku tatu limeshaanza safari bila wewe, na hesabu yako ya siku itakuwa ya uongo. Yaweke kwenye mtungi uliozungukwa na mchanga wenye maji, mahali penye kivuli, yasizidi siku tano. Kisha sanduku la mbao, balbu, kipimajoto, kikombe cha maji. Joto liwe nyuzi 37.5, geuza mayai mara tatu kwa siku au zaidi. Stima ilipopotea usiku mmoja Aprili iliyopita, nilipoteza mayai 9 kati ya 12, kwa hiyo sasa nina chupa za maji moto tayari.

Siku ya 3 nyuzi za neva za kwanza ziendazo kwenye misuli zinatoka kwenye ugwe. Usiwaahidi kwamba wataziona. Ukimulika kwa tochi gizani utaona mishipa ya damu imetanda kama buibui, na ukitazama kwa subira, nukta inayodunda. Ukitaka kufungua yai moja, lilaze ubavu nusu saa kiinitete kipande juu, toboa upande butu, vuta mililita 3 za ute mweupe kwa sindano ili kiinitete kishuke mbali na ganda, bandika utepe wa gundi juu, kisha kata dirisha kwa mkasi mdogo. Kiinitete ni ukubwa wa punje ya hindi, na jicho lake linaonekana wazi. Mimi hufungua moja tu, na mtu asiyetaka kutazama haulizwi sababu.

Kuanzia siku ya 7 hivi, ukimulika, kitu kinajitikisa ndani. Sehemu ya mtikisiko huo ni mfuko wa maji unaobana na kuachia, usiwadanganye. Lakini sehemu nyingine ni misuli, na misuli inacheza kwa sababu nyuzi zimefika.

Wakati wa kusubiri macho yazoee giza, wasimulie kuhusu Rita Levi-Montalcini. Alikuwa Mwitalia wa Kiyahudi aliyekatazwa kufanya kazi chuoni kwa sheria za ubaguzi za mwaka 1938. Aliweka maabara chumbani kwake mjini Turin, akanoa sindano za kushonea kuwa visu, akaomba mayai yenye mbegu kwa wakulima. Yaliyobaki yaliliwa. Alipata Nobeli mwaka 1986 pamoja na Stanley Cohen, kwa kazi ya kitu kinachozifanya neva ziishi na kukua. Wasichana wa kikundi chetu walilitazama sanduku langu la balbu kwa heshima baada ya hapo.

Mambo mawili watakayokuuliza

La kwanza ni kichwa kikubwa. Jeni ya L1 iko kwenye kromosomu X. Ikiharibika, mvulana anaweza kuzaliwa na maji kichwani, vidole gumba vimekunjwa ndani ya viganja, miguu imekakamaa, na daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo likiwa jembamba au halipo. Hapa chunga ulimi. Jeni hiyo mara nyingi hutoka kwa mama asiye na dalili yoyote. Katika vijiji vyetu mama huyo tayari ameshaambiwa ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na wewe ukisema "imetoka kwa mama" umemhukumu mara ya pili. Mimi husema: kila mtu amebeba jeni kadhaa zenye kasoro, na hakuna aliyezichagua. Na watoto wengi wenye maji kichwani hawana tatizo la L1 kabisa. Wengine walipata maambukizi ya ubongo wakiwa wachanga, wengine uti wao wa mgongo haukufunga. Anayejua ni daktari aliyempima.

La pili ni pombe, na kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini. Ndiyo. Seli zenye L1 zikiwekwa maabarani kwenye alkoholi, hata kwa kiasi kidogo kinachopatikana kwenye damu ya mtu aliyekunywa bila kulewa, mshiko wa L1 hulegea. Alkoholi hudhuru kiinitete kwa njia nyingi, hii ni moja. Busaa ni alkoholi, chang'aa ni alkoholi. Mjamzito asinywe.

Ukimaliza, uzi uliopakwa mrenda uoshe kwa maji vuguvugu siku hiyo hiyo, kwa sababu ukikauka unakuwa kama waya. Mbegu za kishonanguo zing'oe kwenye glavu kwa kibanio cha nyusi, zichome jikoni. Usizitupe uani kama nilivyofanya mimi. Msimu wa mvua uliofuata nilipalilia kishonanguo hadi mlangoni.